Tarehe Mosi Januari

Kompyuta yangu ilitupwa na ofisi ya ghala la chai,
ikauzwa kwa kilo, pamoja na mabati.
Nililipa elfu saba na mkungu mmoja wa ndizi,
nikaifunga kwa mpira kwenye karia ya baiskeli,
nikapanda nayo Tukuyu mvuani,
yenyewe imevaa koti langu, mimi ninalowa.
Tumpe akaniona mlangoni, akauliza:
"Mgonjwa huyo ni nani?"

Feni yake hukohoa kabla haijazunguka.
Kibodi haina L; pale ilipokuwa
nimegundisha kipande cha ndara,
ukikibonyeza kwa kidole gumba inakubali.
Betri ya saa ilishakufa,
hivyo kila nikiiwasha inaamka ikiamini
ni tarehe mosi Januari, mwaka themanini.

Sijaibishia.
Mwaka themanini mama alikuwa hai,
anachuma chai Katumba, kapu mgongoni.
Hakujua kusoma. Jioni aliniuliza
gazeti lililofungia sukari limesema nini,
nami, mvivu, nikamjibu: "Hamna kitu."

Sasa usiku nimeifundisha kazi moja.
Mistari kumi na minne ya maagizo:
chukua herufi zetu ishirini na nne,
ongeza nafasi, ongeza nukta,
changanya kama mtu anayechanganya kande,
jaza ukurasa. Futa. Jaza mwingine.
Ndiyo maktaba yangu. Haina rafu
wala mtu wa kukunyamazisha.
Ikipewa muda
(umri wa Mlima Rungwe
uzidishe kwa kila jani la chai unaloliona hapa,
bado hujafika)
itaandika kila kitu:
hati ya shamba la Ntokela tulilodhulumiwa,
na hati inayosema halikuwa letu kamwe;
dawa ya mnyauko wa migomba,
na dawa hiyohiyo, imekosewa neno moja, inaua;
barua ambayo mama hakuweza kuniandikia,
na barua elfu elfu zenye sauti yake
ambazo si zake.

Mwalimu Anyosisye alivua miwani.
"Gwakisa, maktaba yenye kila kitu
ina tofauti gani na debe tupu?"
Nikamwambia debe tupu halina feni.
Alicheka, akamaliza chai, akaaga.
Swali aliliacha mezani, karibu na kikombe.

Kurasa nyingi ni hivi:
hgwz tn.omvu kkrp say
Tumpe huzitazama akimenya viazi.
"Omvu," anasema, "ilikuwa inaitafuta mvua."
Ana daftari la kuhesabia madeni ya mkaa;
nyuma yake anaandika kila neno lililotimia.
Tangu Machi: jiko. bata. sio. ua.
Na hili la ua tunabishana bado,
kama ni la bustani au la kisu.

Jumatano mvua ilipiga bati
mpaka tukazungumza kwa mikono.
Katikati ya takataka, herufi moja moja,
kioo kikaanza:
u
g
o
n
i
na umeme ukakatika.

Giza. Feni ikakohoa mara ya mwisho.
Tumpe, mdomo sikioni kwangu:
"Ilikuwa inanisalimu Kinyakyusa, ugonile,
au inakushtaki kwa Kiswahili?"
Tulicheka hadi kiberiti kikatushinda kuwasha.

Yeye akalala. Mimi sikulala.
Zilibaki herufi mbili tu.
Salamu ile mama aliipitisha kwenye tundu la mlango
kila alfajiri kabla ya kwenda Katumba,
na mimi nikijifanya bado nimelala.

Umeme ulirudi saa kumi usiku.
Ukurasa ulikuwa umepotea, bila shaka;
mashine haikumbuki hata ilikuwa inasema nini.
Tarehe mosi Januari, ikatangaza.
Nikaandika mwenyewe, u, g, o, n, i,
kidole gumba juu ya ndara, kwa nguvu,
kisha e.

"Imesema nini?" Tumpe akauliza kutoka kitandani.
Mvua ilikuwa imepungua.
Nikamsomea.